Mwalimu wa Kupumzika

Jumatatu, 14 Julai

Nimeosha vikombe vya kanisa vyote. Jana ilikuwa zamu ya vijana, kwa hivyo ni kama havikuoshwa. Baridi ya Thika mwezi huu haina adabu, vidole vimekufa ganzi. Pasta alinikuta hapo bombani, akaniomba nifundishe semina ya akina mama Jumamosi, kwenye shamba la kanisa, Ngoliba. Nilikubali kabla hajataja somo. Somo ni kupumzika katika Bwana. Mimi. Mwenyekiti wa akina mama, kwaya, maua na chai.

Baba Kui, mume wangu, alicheka mpaka akashika ukuta. Alisema ni kama yeye, asiyejua kuimba, apewe kuongoza kwaya. Nimenuna.

Jumatano, 16 Julai

Ushirika wa nyumbani, Membley, kwa Mama Joy. Sebule kubwa, zulia jeupe. Wengine walikaa wakaomba. Mimi nilikuwa jikoni. Msichana wa kazi aliniomba kwa heshima zote nimrudishie sinki yake. Sikumrudishia.

Somo bado. Nimeandika "Kupumzika ni", nikakumbuka sijapiga pasi vitambaa vya madhabahuni.

Alhamisi, 17 Julai

Kliniki. Presha imepanda. Daktari amesema nipumzike. Nikamweleza nina semina ya kupumzika Jumamosi na ndiyo maana sina nafasi ya kupumzika. Akaniongezea dawa.

Niandike ukweli, maana hapa hasomi mtu. Naogopa. Nikikaa tu, bila sufuria wala ufagio, sijui Mungu atanitaka kwa lipi. Na keshokutwa nitasimama kuwaeleza wenzangu habari za nyumba ambayo sijawahi kuingia.

Ijumaa, 18 Julai

Chapati za semina nzima. Mama Achieng, makamu wangu na jirani yangu hapa mtaani Kiganjo, alikuja kusaidia. Nikamrudisha kwake. Chapati zake ni nene. Baadaye nikalia juu ya unga. Nina hasira na Pasta. Nina hasira na Mama Achieng kwa kukubali kurudi. Na Mungu pia. Miaka yote hii namfanyia kazi na hajawahi kuniambia imetosha.

Somo halijaandikwa.

Jumamosi, 19 Julai

Ngoliba. Jua, vumbi, joto zuri baada ya baridi yetu. Nilipanga viti mwenyewe. Nikamimina chai mwenyewe. Kisha nikapiga magoti kwa maombi ya kufungua, kichwa juu ya kiti cha plastiki. Sikuwa na neno hata moja. Nikamwambia Mungu kimoyomoyo kwamba leo sina cha kumletea, hata hilo somo. Nikangoja anigombeze. Hakunigombeza. Ilikuwa kama mtu amenipokea mzigo mlangoni.

Nikalala.

Kwetu mtu akiwa magotini haguswi, hata akichelewesha chakula. Basi akina mama wakangoja. Wameniambia baadaye kwamba walianza pambio la polepole. Nilipokoroma, Mama Joy akawaeleza kwamba huko ni kuugua kwa Roho anayeniombea, wakalia kwa sauti. Mama Achieng alinifunika leso yake ya kujifunga.

Nimeamka kivuli kimehama, magoti siyasikii, mate kwenye kiti. Nyuso zote zimelowa machozi zinaniangalia. Mama Joy akauliza Bwana amesema nini.

Ningeweza kutunga. Nilikuwa nimeshaanza kutafuta sauti ya unabii. Kisha nikachoka hata na hilo.

"Nililala tu," nikasema. "Sina somo. Nilimwambia sina kitu, nikalala."

Nikajua uenyekiti umeisha. Nikamwona Mama Achieng akivua viatu na kutandika leso nyingine chini.

"Basi somo tumeelewa, Mama Kui," akasema, akajilaza.

Wengine wakafuata, mmoja mmoja. Mama Joy alikuwa wa mwisho, alitafuta kwanza mahali pa kuweka wigi. Ndiye aliyekoroma kuliko wote. Hakuna aliyesema ni Roho.

Jumapili, 20 Julai

Nimekaa katikati ya kanisa kama mgeni. Nimesikia mahubiri mwanzo mpaka mwisho. Kumbe Pasta anahubiri vizuri. Mara mbili niliinuka kwenda kuangalia chai. Mara mbili Mama Achieng, aliyekuwa mlangoni, alitikisa kichwa. Nikakaa.

Chai ilikuwa na sukari ya harusi. Vikombe vilioshwa na vijana. Changu kilikuwa na alama ya rangi ya mdomo ya mtu mwingine. Nikakigeuza upande wa pili, nikaendelea kunywa.