Mwanya Wangu wa Tupa

Jumapili, saa nne asubuhi. Mbagala mvua haijakatika tangu alfajiri, uwanja mzima ni tope, na saluni sijafungua. Shavu la kulia bado limevimba. Ulimi hauachi kwenda pale mbele kwenye pengo, unachungulia kama jirani mmbea, nami nimeshindwa kuuzuia.

Juzi Ijumaa nimeng'olewa meno mawili ya mbele, ya juu, yale ya katikati. Ndiyo, yale yenye mwanya.

Wanaonijua watasikitika, maana mwanya wangu ulikuwa maarufu kuliko mimi mwenyewe. Hata wateja walielekezwa hivyo: ulizia Mama Rukia mwenye mwanya, mtengeneza maharusi. Sasa leo naandika jambo nililolificha miaka kumi na minne. Sikuzaliwa nao. Nilichongwa kwa tupa.

Wakati wa posa mume wangu Shabani alikuwa kazini Mtwara. Picha yangu aliyopelekewa nilikuwa nimefumba mdomo, na baada ya hapo tukawa tunaongea kwa simu tu. Siku moja akaniuliza, "Hivi una mwanya? Maana mie mwanamke asiye na mwanya simuelewagi." Nikajibu ninao. Nilikuwa na miaka ishirini, na meno yangu yalikuwa yamebanana hata uzi haupiti.

Basi ikabidi uongo ufanywe kuwa kweli kabla bwana harusi hajarudi. Somo yangu, yule mama aliyekuwa akinifunda kwa ajili ya ndoa, wala hakushtuka. Alinipeleka Temeke, uani kwa mwanamke mmoja aliyekuwa akichonga wasichana mianya. Nikakalishwa juu ya mbuzi ya kukunia nazi, somo akanishika kichwa kwa mikono miwili, na yule mwanamke akaanza kusaga. Ganzi hakuna. Harufu ya jino linalosagwa naijua mpaka leo. Nilipolia somo akanambia bibi harusi hamalizi machozi kabla ya siku yake.

Shabani aliponiona siku ya ndoa akaniambia nicheke. Nikacheka. Akasema alhamdulillahi, nami nikajiona mjanja kuliko wanawake wote wa Dar es Salaam.

Mwaka jana, Ramadhani, jino la kulia likaanza. Nikiweka uji wa moto linaruka, nikiweka maji ya baridi linaruka. Nikasukutua maji ya chumvi, nikang'ata karafuu, nikapaka na ule unga wa mizizi wanaotembeza sokoni, ambao ulinichubua fizi na jino likabaki kuuma vilevile. Kisha pembeni, palepale tupa ilipopita, pakawa peusi. Mimi ni mtu wa saluni. Nikapaka rangi nyeupe ya kucha.

Kila asubuhi. Mwaka mzima. Chai yangu yote ilikuwa na ladha ya rangi.

Kwa nini sikwenda hospitali? Swali zuri, maana saluni kwangu kila mwanamke ana jino bovu na kila mwanamke ana sababu yake. Mmoja ana mimba, na kwao mjamzito hang'oi jino. Mwingine mumewe hajasema nenda. Mwingine anaogopa sindano, na mgongoni kachorwa tatuu ya ua kubwa na shina lake. Nilikuwa nawacheka, tena mbele yao. Kuna bibi harusi mmoja alikuja kutoka Arusha, meno yake ya kahawia kwa yale maji ya kwao, nikamwambia wakati wa picha acheke kwa macho tu, mdomo auache nyumbani. Wote tuliokuwemo tukaangua kicheko. Niliona baadaye picha zake. Hakuna hata moja aliyofungua mdomo.

Nawacheka hao, na sababu yangu mimi ilikuwa ya kijinga kuliko zao zote. Niliogopa daktari atasema. Ataona alama ya tupa, atasema, na Shabani atajua kwamba mwanya alioupenda ni wa kununua.

Alhamisi nilikuwa nampaka mteja poda, nimemwinamia usoni. Akageuza uso pembeni. "Dada samahani, naomba animalizie yule mwenzio. Mdomo wako unatoa harufu." Alisema kwa adabu kabisa, ndiyo maana iliniuma zaidi. Yule msichana wangu wa kazi akaja akachukua brashi bila kuniangalia. Maumivu ya mwaka mzima hayakunipeleka hospitali. Maneno ya mteja mmoja yalinipeleka kesho yake.

Shabani sasa yuko bandarini hapa hapa, na Ijumaa ilikuwa siku yake ya kupumzika. Nilimwambia abaki nyumbani, akakataa. Nilimwambia akae kwenye benchi la nje, akaingia na mimi, akasimama mlangoni mikono nyuma. Daktari ni binti mdogo tu, mwenye upole. Akaniwashia taa mdomoni, akakwangua kidogo, rangi ya kucha ikamtokea kwenye chombo chake. Akaiangalia kwa muda.

"Haya meno yalichongwa, mama, na yalichongwa vibaya. La pili nalo limeshakufa, usaha uko mpaka kwenye mizizi. Ungekuja mwaka jana tungeyaziba, yakabaki. Nani alikufanyia hivi?"

Nilimtazama Shabani nikisubiri talaka. Yeye alikuwa anaangalia feni.

Tulirudi nyumbani, mimi na pamba mdomoni. Alipokaa kitandani kuvua soksi ndipo aliposema.

"Nilijuaga toka wiki ya harusi. Mama ana picha yako ya darasa la saba, aliyopewa kwenu wakati wa posa, iko kwenye sanduku lake. Unacheka, meno yote yamebanana."

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia.

"Nikwambie ili iweje? Ulikuwa umependeza." Akaikunja soksi vizuri, akaiweka ndani ya kiatu. "Hata hili la kuumwa jino nilikuwa naona. Unatafunia upande mmoja, unajipaka rangi ya kucha, naisikia harufu. Ila nikajua ukienda hospitali watauziba mwanya."

Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayeeleza kwa nini hakununua mkate.

Namchukia. Nimeliandika na silifuti. Mwaka mzima nimeumwa nikimficha mtu aliyekuwa akijua, naye akaniacha niumwe kwa sababu alipenda kuutazama. Jana kaniuliza meno ya bandia yanawekwa lini. Halafu akauliza, kwa aibu kidogo, kama wanaweza kuyaacha na nafasi katikati.

Na mama mkwe. Huyu ananipa hasira ya peke yake. Kila Idi humshika mjukuu wake kidevu, binti yangu Rukia, miaka kumi na mitatu, akamwambia, "Mwanya wa mama'ko hukuuchukua, masikini. Sijui atakuoa nani." Mtoto anainama, watu wanacheka, na mimi nacheka nao ili mwanya wangu uonekane. Kumbe bibi yake anasema hayo na picha yangu iko sandukuni mwake.

Lakini yeye alisema tu. Aliyecheka ni mimi, mama mzazi.

Leo asubuhi nilitaka kupanga vifaa vyangu, mikono ipate la kufanya. Tupa ya kucha, ile ya chuma, haikuwemo kwenye mkoba. Nikamwita Rukia. Nikasukuma mlango wa chumba chake. Amesimama mbele ya kioo, mdomo wazi, tupa katikati ya meno ya mbele, na kwenye mdomo wa chini kuna unga mweupe.

Niliinyang'anya kwa nguvu hadi nikajikata kidole. Nikamtazama meno. Tayari ana mfereji mdogo, kwenye ncha, wa kuingia ukucha.

Sikumpiga. Nilifungua mdomo wangu, nikachukua kidole chake nikakitia kwenye pengo, pale palipo na nyuzi za daktari na damu bado. Akataka kukitoa nikakishikilia. Nikamweleza yote: simu ya Mtwara, mbuzi ya kukunia nazi, tupa, rangi ya kucha, harufu, mteja, baba yake na soksi zake. Ilikuwa ukatili, najua. Nilitaka aogope. Nilitaka alie.

Alisikiliza mpaka mwisho, macho makavu. Kisha akafuta kidole kwenye gauni.

"Lakini si ndo ukaolewa, mama?"

Kesho saa mbili nampeleka kwa yule yule daktari, kabla jino halijaanza kuuma. Sitamwomba ruhusa baba yake wala bibi yake. Hilo nimeshaamua.

Ila najua njiani ataniuliza tena, na mdomo wangu wote huu uko wazi. Nitamwambia nini mtoto huyu?