Dawa ya Goti Haitaki Tumbo Tupu

Zuleha, nimechoka mwenzio. Ndiyo tumerudi na Mama kutoka kliniki Ruangwa, aibu sina pa kuiweka.

Miezi miwili, Zuleha! Si unakumbuka daktari alisema goti limesagika, apunguze sukari na vya kukaanga, ale mboga na samaki? Uzito ukipungua, na maumivu yatapungua. Nikawa nachemsha mchicha na dagaa, kila siku nampelekea kwake kijijini Malolo.

Leo kapanda mzani. Kaongezeka kilo nne!

Daktari kamuuliza, "Mama, ile mboga unakula?"

"Nakula, baba. Mara tatu kwa siku, sibakizi hata kijiko."

Daktari kanigeukia mimi, kanikazia macho.

Ndipo Mama akaongeza, "Ila nashiba kwanza ugali na mihogo yangu ya kukaanga. Dawa hainywewi tumbo tupu."

Dawa! Miezi miwili kumbe napika dawa!

Mlango ulikuwa wazi, foleni nzima ikacheka. Daktari akamweleza taratibu kwamba hicho ndicho chakula chenyewe. Mama akaitikia, "Nimeelewa, baba."

Sasa hivi tumeshuka kwenye boda, anajikongoja hadi mlangoni, mkono gotini. Kageuka, kaniuliza kwa upole kabisa:

"Sasa hicho chakula, mwanangu, nile kabla ya kula au baada ya kula?"