Waliohudhuria Mkutano wa Kamina

Kamina, Jumapili baada ya ibada

Mama yangu,

Kwanza nataka habari za mguu wako. Binti yako, Yaya Béatrice, aliniambia kwa simu kwamba umeanza tena kwenda kanisani kwa miguu, na fimbo unaiacha nyuma ya mlango makusudi. Mama, fimbo ile si aibu! Ichukue. Na presha, bado unapimwa? Na yule kuku aliyekuwa akilalia mayai, ametotoa wangapi? Nijibu yote, hata mambo madogo, maana hapa hata habari ya kuku nitaisoma mara mbili.

Mimi niko. Mwili ni mzima, shule inaendelea, na wanafunzi wangu sasa wanajua kuwasha kompyuta bila kuipiga makofi. Bukari nasonga mwenyewe na bado inatoka na mabonge ya unga. Yaya akicheka, mwambie nimemsikia.

Utajiuliza kwa nini naandika barua wakati simu ipo. Ni kwa sababu nina jambo ambalo kwa simu ungenikatiza katikati, ungelia au ungenigombeza kabla sijamaliza, nami ningekata na kusingizia mtandao. Kwa hiyo nampa barua hii mwalimu mwenzangu anayekuja Likasi wiki hii. Nimejikaza kuandika kile Kiswahili cha Biblia ulichotufundisha kwa rula, lakini watu wa hapa nitawaacha waseme kwa midomo yao.

Unakumbuka nilipokuwa nasoma Lubumbashi, kila mwezi kulikuwa na Jumamosi moja ukinipigia nakujibu haraka haraka, ukasema lazima nina mchumba? Hakukuwa na mchumba, Mama. Ulikuwa mkutano wa watu wanaotengeneza programu na michezo ya simu. Tulikuwa kama ishirini hivi katika ukumbi mmoja. Kila mtu alileta kazi yake hata kama haijaisha, akampa mwenzake simu, akanyamaza. Mwenzako anacheza, anapotea, anabonyeza pasipobonyezwa, anakucheka, na wewe unaona pale ulipokosea. Nilitoka pale kila mara nimetukanwa vya kutosha, na moyo mweupe. Sikujua wakati ule kwamba mikutano ile ndiyo iliyokuwa inanishikilia.

Kamina hakuna kitu cha namna hiyo. Sisemi watu ni wabaya, la. Wananisalimu, wananipa mihogo. Lakini sokoni wanazungumza Kiluba, katika chumba cha walimu wanazungumza Kiluba, wakitaniana ni Kiluba, na mimi niliyezaliwa Likasi nabaki nikitabasamu kama mgeni wa harusi. Mama mmoja muuza unga, aliposikia jina letu la Kiluba, alinishika mkono kabisa: “Weye uko Mwamba wa wapi, Mwamba hajue Kiluba?” Watu wote wakacheka. Nami nikacheka. Nilipofika nyumbani sikuwa na mtu wa kumsimulia.

Basi nikaamua kuanzisha mikutano hapa. Nikaandikia kamati ya Lubumbashi, nao wakajibu vizuri. Wakasema: fanyeni mikutano mitatu, mwezi kwa mwezi, kila mmoja uwe na watu watano angalau, mtutumie majina yao na maneno aliyosema kila mtu. Mkifanya hivyo, Kamina itaingia kwenye orodha ya vikundi, na mmoja wetu atakuja kuwaletea projekta. Mama, nilifurahi kama mtoto aliyenunuliwa viatu. Nikabandika matangazo shuleni, kwenye kibanda cha kuchaji simu, hata mchungaji akatangaza baada ya mahubiri.

Mkutano wa kwanza walikuja sita. Watano walifikiri ni mafunzo ya kupewa brevet, cheti cha kutafutia kazi. Waliposikia hakuna brevet, walimaliza chupa zao za sucré kwa adabu, wakaaga. Alibaki Mama Numbi, yule anayechapa barua na maombi ya watu kwa kompyuta karibu na soko. Ni mtu wa umri wa mdogo wako, tante, Mkatoliki wa kufa, na ana mdomo! Nikampa simu acheze mchezo wangu. Ni mchezo wa kupanga magunia ya mahindi katika mabehewa kabla treni haijaondoka Kaniama. Akaangalia, akabonyeza, akaangalia tena. “Josué, mu hii mchezo mutu anashinda namna gani? Minyi naona paka magunia, magunia tu.” Nilitaka kumkumbatia. Orodha ile ya kwanza niliituma, na maneno ya wote sita, hata ya wale waliouliza brevet tu, na ilikuwa ya kweli.

Mkutano wa pili hakuja mtu. Mama Numbi alikuwa kwenye kilio cha msiba huko Luena, na mvua ilishuka tangu asubuhi. Nilikuwa nimepanga viti saba. Nikakaa kwenye kimoja mpaka mchana ukageuka, nikisikia mvua juu ya mabati. Nikisikia hatua nasimama. Ilikuwa ni Papa Kasongo tu, mlinzi wa shule, anapita kuangalia kama maji yanaingia darasani.

Ndipo nikachukua karatasi ya majina. Mama, sasa naingia katika lile jambo, usinikasirikie kabla ya kumaliza.

Niliandika jina langu. Halafu nikaandika Monga Marthe. Ndiyo, wewe. Chini yako nikaandika Béatrice, kisha shemeji Félix. Wa tano sikumtafuta hata kidogo. Niliandika Mwamba Étienne, na mbele yake, kama mbele yenu wote, nikaandika: yupo.

Karatasi ilitaka pia maneno ya kila mtu, kwa hiyo nikawasemesha. Wewe ulisema herufi ni ndogo mno, mtu wa umri wako avae miwani mingapi? Béatrice alisema rangi ile ya treni inafanana na nguo ya shule yetu ya msingi, na hakuipenda wakati ule, hataipenda leo. Félix alisema mchezo ni mzuri, maana Félix husema kila kitu ni kizuri. Na Baba akasema: behewa zito lifungwe karibu na kichwa cha treni, lile jepesi likae nyuma, la sivyo utamwaga watu kwenye kona. Unakumbuka alivyokuwa akipanga vijiko na chumvi mezani kutuonyesha kazi yake ya reli? Nilicheka peke yangu mle darasani. Halafu nikakaa nikarekebisha mchezo kama mlivyosema. Na ukawa mzuri kweli.

Mkutano wa tatu alikuja Mama Numbi peke yake. Nikaongeza wewe, Béatrice na Baba. Safari hii Baba alisema mengi. Alisema treni haiondoki mpaka mtu ametembea kutoka kichwa hadi mkia na kushika kila kiungo kwa mkono wake, hata kama abiria wanapiga kelele. Niliandika ukurasa mzima. Mama Numbi aliona majina, akaniuliza ni nani hawa. Nikamwambia ni watu wangu. Akarudia kubonyeza simu.

Jibu la Lubumbashi likaja: Kamina imekubaliwa! Kiongozi wa kamati, Trésor, angekuja yeye mwenyewe Jumamosi, na projekta. Na mwishoni aliandika kwamba wote pale wanazungumza habari za mzee Étienne, kwamba katika vikundi vyote hakuna mwanachama anayesema mambo yenye faida kama yeye, na wanataka kumsikia kwa sauti yake.

Sikula siku hiyo. Nilimwendea Mama Numbi nikamweleza yote. Nilifikiri atanishauri niseme ukweli. Wapi!

“Ni bantu ngapi banakosekana?”

“Watatu, kwa orodha ya mwisho.”

“Bantu batatu tu njo unalilia? Kamina iko na bantu mingi! Ule muntu wa Lubumbashi, eko anabajua sura? Hapana. Atasoma jina, muntu ataitika, basi. Weye uache, minyi nitapanga.”

Na mimi nikamwachia. Siwezi kumtupia yeye kosa. Nilitaka kikundi kile, Mama, nilikitaka kuliko nilivyotaka kazi hii. Nilijiambia: projekta ikiwashwa, watu watakuja kweli, na majina ya uongo nitayafuta polepole moja moja.

Jana Trésor alifika, vumbi mpaka kwenye nyusi, amebeba projekta kifuani, imefungwa kwa kitenge. Darasani viti vilijaa. Mama Numbi alikuwa amemleta jirani yake anayeuza makala, mkaa wa kupikia, awe wewe, na mke wa mtoto wake awe Béatrice. Nyuma yangu alikaa Papa Kasongo, katika koti la kuazima, ameshika kofia kwa mikono miwili. Alifundishwa neno moja tu la kusema.

Trésor akafungua karatasi ya mkutano wa tatu, akasoma majina. Numbi Charlotte? “Présente!” Monga Marthe? Yule mama wa makala, mrefu kuliko mlango, hafanani nawe hata kidogo, akainua mkono, “Niko!”, na mimi nikajizuia nisicheke. Béatrice naye akaitika, amejifunika mdomo.

“Mwamba Étienne?”

“Présent,” sauti ikasema nyuma yangu. Ilikuwa nzito, imekwaruza kidogo, ya mtu aliyevuta tumbaku zamani.

Mama, niligeuka. Nilijua ni Papa Kasongo. Nilimwona mwenyewe akikaa pale. Lakini niligeuka na mwili wote, haraka, mpaka kiti kikaanguka.

Alikuwa Papa Kasongo, na kofia yake.

“Hapana,” nikasema. “Si yeye. Baba yangu alikufa.”

Trésor akaniangalia, akaangalia karatasi, akamwangalia mama wa makala.

“Na uyu?”

“Mama yangu yuko Likasi. Dada yangu vilevile. Hawajawahi kufika Kamina.”

“Sasa ile maneno ya wagon, nani aliisema?”

“Baba. Alitwambia nyumbani, mezani, tulipokuwa watoto.”

Hakunitukana. Afadhali angenitukana. Alikunja karatasi yake, akasema amesikitika, kwamba vikundi vingine vimehangaika kutafuta watu wa kweli, na hawezi kurudi akawaambia Kamina ilipita kwa mlango huo. Jina letu litafutwa. Naweza kuanza tena mikutano mitatu kama nataka, lakini hakuahidi kwamba kamati itanisadiki. Akaifunga projekta katika kitenge chake, akaenda kutafuta gari la kurudi.

Mama Numbi ndiye aliyenichoma. Alisimama katikati ya darasa: “Nilikutafutia baba, na weye unamukatala mbele ya bantu!” Akatoka na watu wake. Leo nimepita kwake nikabisha, nikasikia kabisa anachapa mle ndani, lakini hakuitika. Yeye ndiye mtu mmoja niliyekuwa naye Kamina nzima.

Papa Kasongo alibaki nyuma kunisaidia kupanga viti. Alipomaliza alivua lile koti, akalikunja vizuri, akasema kwa sauti ya chini: “Mutoto yangu, nilisema mubaya?”

“Hapana, Papa,” nikamjibu. “Ulisema vizuri sana.” Halafu nikalia mbele yake, mimi mwalimu, na yeye akanishika bega mpaka nikanyamaza.

Ndiyo hayo, Mama. Nakuomba msamaha kwa kutumia jina lako bila ruhusa, na la Yaya, na la Félix. Kwa jina la Baba sijui nimwombe nani. Tangu nifike hapa hakuna aliyeniuliza kama baba yangu yupo, na mimi sikusema. Nilikuwa naona afadhali hivyo. Mahali ambapo hakuna aliyemzika, ilikuwa rahisi kumwandika. Jana ndiyo mara ya kwanza kusema mbele ya watu kwamba alikufa, na nilipolala nilijisikia kama tumetoka makaburini siku ileile.

Sijui kama nitaanza upya. Nina mchezo mzuri na sina wa kumpa simu. Usiniambie nirudi Likasi, maana naweza kurudi kweli, na mwaka wa shule haujaisha. Ninachoomba ni kitu kimoja. Miezi hii nimekuwa nikikusemesha, na kila ulichosema katika mikutano yangu nilikisema mimi. Nimechoka kujijibu. Keti uniandikie wewe mwenyewe, kwa mkono wako, hata kama ni kunigombeza kuanzia mstari wa kwanza mpaka wa mwisho.

Nisalimie Yaya Béatrice, na umwambie treni sasa ni ya kijani. Nisalimie shemeji Félix, asome barua hii aseme ni nzuri. Salamu kwa tante anayekuletea maji, kwa mchungaji wako, na kwa wamama wa kwaya walionifungia karanga siku naondoka. Nisalimie mtoto wa Yaya, mkubwa, anayejifunza kusoma, na yule mdogo ambaye bado sijamwona.

Nimefika mwisho wa majina, Mama, na mkono bado unataka kuandika moja zaidi. Leo nimeuzuia.

Ni mimi mwanao,
Josué