Maneno Niliyoongeza kwenye Filamu ya Chembe

Jumanne, 6 Mei

Jenereta imegoma tena. Nimebadilisha plagi, ikawaka kwa kununa. Mchana filamu ya makarate, jioni makarate. Koo linauma. Kutafsiri watu wanaopigana siyo kazi. Unashika maiki, unasema "leo utanitambua" na "chukua hiyo" mpaka wamalizane. Lakini wachimbaji wamezichoka. Juzi mmoja alikoroma kuliko spika.

Asubuhi nilikwenda Geita mjini kwa kijana anayeniwekea filamu kwenye flashi. Kaniwekea moja mpya. Anasema za namna hii zinapendwa sana huko duniani, sayansi na Mungu humo humo, chungu kimoja. Nikamcheka. Fizikia kidato cha nne nilipata F. Sasa niitafsiri kwenye banda la maturubai machimboni, mbele ya watu waliotoka shimoni na njaa zao.

Jumamosi, 10 Mei

Nimeionyesha. Profesa mwenye ndevu nyeupe anachora chembe ubaoni, ndogo kuliko vumbi la mawe yanayosagwa na karasha. Anasema ukiichunguza inatulia mahali pamoja, usipoichunguza iko huku na iko kule. Halafu mtawa kakaa chini ya maporomoko ya maji, kafumba macho. Halafu profesa tena. Kiingereza cha puani, cha haraka. Nusu nilielewa, nusu nilibuni, kama siku zote. Kila mtafsiri wa banda anatia chumvi. Bila chumvi watu wanaondoka.

Na walianza kuondoka. Kuguna kwanza, kisha benchi la nyuma likanyanyuka. Hapo kwenye kioo akatokea mwanamke anayesimulia alivyougua na alivyopona. Nikashika maiki kwa mikono miwili. Nikasema daktari alimwambia unaumwa, na mwili ukasikia, ukatii. Nikasema siku moja akachukua vidonge vyake vyote akavitupa chooni, akafumba macho, akaiangalia afya yake kama profesa anavyoiangalia chembe, nayo ikaja ikatulia. Nikashusha sauti pale mwisho. Najua kuishusha.

Banda likapiga makofi. Walionyanyuka wakakaa.

Nimefurahi. Sidanganyi, nimefurahi sana.

Jumapili, 18 Mei

Imejaa tena. Wanaiita "ile ya chembe". Huko kwenye maduara, yaani mashimo yao, sasa hakuna ruhusa ya kusema mwamba hauna kitu. Atakayesema anafukuzwa, eti anaisukuma dhahabu ikimbie. Mlokole anasema ni Roho. Wa msikitini anasema ni nia. Mwenye hirizi anasema mganga wake alishamwambia zamani. Wote wameipenda, kila mmoja amepata chake.

Masanja amekuja mara zote. Ni mume wa Mama Kulwa, jirani yangu anayeuza dagaa wa Nkome. Alisaga mawe kwenye karasha miaka mingi, sasa ana kifua kikuu na yuko kwenye dozi ya zahanati. Anakaa karibu na mlango apate hewa. Leo ilipokwisha akanishika mkono, mkono wenyewe mifupa, akanishukuru. "Wabeja, Mama Neema. Haya hakuna aliyewahi kuniambia." Macho yake yamechangamka. Nikamwambia karibu tena.

Jumatano, 4 Juni

Mama Kulwa kaja jikoni kwangu kabla sijawasha moto. Masanja ameacha vidonge. Siyo jana wala juzi, ni siku nyingi, alikuwa anamficha. Anakaa nyuma ya nyumba kafumba macho. Akimwambia ameze, anajibu kwamba kila kidonge kinakiambia kifua kuwa kinaumwa.

Ni maneno yangu. Niliyajua mara moja, kama mtu anavyojua mtoto wake katika kundi la watoto.

Mama Kulwa haingii bandani, jioni yote yuko sokoni. Anadhani ni filamu. Nikamwambia mkazanie ameze. Basi. Sikusema yametoka wapi. Nikamuuliza habari za dagaa, kama siku hizi wanakuja wakavu au wabichi. Mwenzangu analia, mimi nauliza dagaa.

Ijumaa, 20 Juni

Siku zote hizi nimejiambia labda filamu ilisema hivyo kweli. Leo nikafunga banda, nikakaa peke yangu na flashi. Nikafika kwa yule mwanamke. Nikairudisha. Nikairudisha tena.

Anasema aliendelea na matibabu mpaka madaktari walipomruhusu kuacha. Anasema sala na utulivu vilimshikilia wakati dawa zinamchosha. Ni Kiingereza cha kidato cha pili. Choo hakimo. Kutupa hakumo.

Filamu yenyewe siitakasi. Profesa anaruka kutoka kwenye chembe hadi kwenye roho ya mtu, katikati hakuna daraja, na muziki unapigwa usione lile pengo. Ilinifikisha mlangoni. Kuingia niliingia mwenyewe.

Na kuna jingine. Lile la mtu mwenye shaka. Kwamba akiwepo ndani ya nyumba mtu mmoja asiyeamini, shaka yake inaisukuma chembe na kuharibu yote. Nalo halimo. Niliongeza siku nyingine kumnyamazisha mchimbaji mmoja aliyekuwa anazomea. Watu walimgeukia wakacheka, naye akanywea. Nililiona limefaa, nikaendelea kulisema kila onyesho.

Mdomo huponza kichwa. Wangu umeponza kichwa cha mwingine.

Jumamosi, 21 Juni

Nimekwenda kwa Masanja. Nilimkuta nyuma ya nyumba kwenye kigoda. Amekonda, shati linaning'inia. Shikamoo, marahaba. Nikasema yote bila kukaa. Kwamba yule mama wa kwenye filamu alimeza dawa mpaka mwisho. Kwamba la kutupa ni langu.

Akacheka mpaka kikohozi kikamkamata.

"Mama Neema, mzungu kasema kwa mdomo wake. Nimemwona mimi."

"Hakusema. Nilisema mimi."

"Wewe? Wewe ungeyatoa wapi maneno mazito namna ile?"

Anaamini muuguzi wa zahanati ndiye aliyenituma. Akanisamehe, eti naelewa, wanakusumbua. Akaniombea nisiwe na hofu.

Na niandike na hili, maana hapa hasomi mtu. Aliposema maneno mazito, nilisikia fahari. Kidogo tu, lakini niliisikia. Najichukia kwa hiyo.

Jumatatu, 7 Julai

Nilichelewa kufanya hili kwa sababu banda linajaa. Hakuna sababu nyingine.

Leo nimeionyesha kwa mara ya mwisho. Alipotokea yule mama kwenye kioo nikazima sauti, nikasema kwenye maiki: sikilizeni, haya ndiyo asemayo, yale ya mwanzo nilitia mimi. Nikatafsiri neno kwa neno. Ikawa kavu kama muhogo wa juzi.

Wakazomea. "Rudisha ile ya kwanza!" Mmoja akasema hospitali wamenipa kitu. Mwingine akasema Mama Neema kachoka, koo limekwisha, atafutwe mwanamume. Jamaa mmoja wa duara la juu akasimama, akaisema ile ya kwanza yote kwa kichwa, na kushusha sauti mwishoni kama mimi. Wakampigia makofi yeye.

Masanja hakuwepo. Hawezi tena kutembea kufika bandani. Kwa hiyo yule niliyepaswa kumwambia hakusikia, na waliosikia hawakutaka.

Nimeifuta kwenye flashi. Kama vile itasaidia.

Alhamisi, 17 Julai

Masanja anakohoa damu. Nilikimbia zahanati, nikamweleza muuguzi kila kitu njiani tukirudi. Nilingoja anigombeze. Hakunigombeza, alitembea tu, haraka kuliko mimi.

Masanja alikataa. Muuguzi akaongea, akakataa. Mama Kulwa akapiga magoti, akakataa. Kisha Dotto, mdogo wa watoto wao mapacha, akaona kitambaa chenye damu na kuanza kupiga kelele, na Kulwa akamfuata. Masanja akawatazama. Akasema haya, nipelekeni.

Tukapata gari mpaka hospitali Geita. Njia nzima kafumba macho, midomo inacheza. Mama Kulwa kamshika kifuani. Nimekaa mbele na dereva, sikugeuka nyuma hata mara moja. Daktari anasema dozi ikikatwa ugonjwa unarudi na hasira, na mapafu yenyewe yalishaliwa na vumbi. Ameanzishiwa dawa upya. Amezimeza. Nilimwona akizimeza.

Jumatatu, 21 Julai

Nimepika uji, nimepeleka hospitali. Masanja kanywa vijiko viwili. Ameniuliza kama banda linajaa. Nikasema nimefunga kidogo, jenereta mbovu. Akasema usikate tamaa, iangalie tu, itapona. Alitabasamu, sijui kama alikuwa ananitania.

Nimeomba leo. Sijaomba hivi tangu Neema wangu alipougua surua kule Mhunze kwa mama yangu. Nimemwambia Mungu achukue sauti yangu amwache yeye. Halafu nikajiona nafanya biashara, nikanyamaza.

Jumatano, 30 Julai

Masanja amefariki alfajiri.

Jumapili, 10 Agosti

Nimerudi kutoka msibani. Alizikwa kwao, upande wa Chato, na nilibaki mpaka matanga yalipoanuliwa. Nilipika. Niliosha masufuria yote, hata ya nyumba za jirani. Wanawake wakanisifu, jirani wa kweli huyu. Nilitamani sufuria liniingie kichwani nisisikie.

Mama Kulwa hali. Anatengewa, anasukuma sahani kwa watoto. Tulidhani ni uchungu tu. Dada yake akanivuta pembeni. Anasema Mama Kulwa anasema amemuua mumewe.

Kumbe alipoona Masanja kakataa dawa, alikuwa akizisaga na kuzichanganya kwenye uji wake kwa siri. Siku alizoweza. Masanja hakujua. Sasa wachimbaji walipokuja kuhani, mmoja akamwambia Mama Kulwa: dada, mumeo alikuwa anapigana vizuri, lakini ndani ya nyumba kulikuwa na mwenye shaka. Akamsomea maneno yale yote kama anasoma maandiko. Shaka ya mmoja inaisukuma chembe. Na Mama Kulwa akajihesabu, ndani ya nyumba nani alikuwa na shaka? Mimi. Nani alisaga vidonge? Mimi.

Uji ule ndio labda ulimfikisha Julai. Yeye anaona ndio uliomuua.

Nilikuwa na sufuria mkononi. Mama Kulwa alikuwa palepale kwenye mkeka, hatua chache. Watu wengi, wakwe, wazee, waimbaji wa kanisani. Nikaendelea kusugua. Nimesafiri kutwa nzima nikirudi huku na bado sijasema.

Alhamisi, 14 Agosti

Amerudi na mapacha. Nimesikia mlango wake ukifunguliwa. Nilisimama uani kwangu. Akanisalimu mwangaluka, nikaitikia. Amebaki macho tu. Kanga ameifunga mara mbili kiunoni.

Sikwenda. Nilijiambia apumzike kwanza na safari. Mimi ni mwongo hodari, naweza kuipa hata hofu yangu jina la huruma.

Jumanne, 19 Agosti

Leo nimekwenda.

Alikuwa uani anachambua dagaa kwenye ungo. Nikakaa chini mchangani, siyo kwenye kigoda. Nikasema kuanzia mwanzo. Benchi la nyuma lililonyanyuka, maiki, vidonge chooni. Nilivyokuja kwa Masanja na alivyonicheka. Nikasema na la siku ile jikoni, alipokuja analia nikamuuliza dagaa nami najua. Sikutia chumvi. Nilipomaliza, alikuwa bado anachambua. Kichwa huku, mwili huku. Nikadhani hakusikia.

"Na lile la mwenye shaka?"

"Nalo langu."

"Kwenye filamu halimo?"

"Halimo. Halipo popote. Nililitunga kumnyamazisha mtu."

Akaweka ungo chini. Akautazama mkono wake, ule wa kusagia, mbele na nyuma.

"Kwa hiyo siyo mimi."

"Siyo wewe, Mama Kulwa."

Nilingoja. Nilijiandaa kwa matusi, hata kwa kofi. Hakunipa chochote. Kisha akanyanyuka, akaingia ndani, akatoka na sufuria la ugali na dagaa wa kukaanga. Akawaita Kulwa na Dotto. Wakanawa. Akawatengea, akajitengea na yeye, akaanza kula. Tonge la kwanza polepole, kama mgonjwa. Halafu la pili. Akala mpaka sahani ikaisha, akaongeza.

Mimi hakunikaribisha. Nilikaa pale mchangani mpaka wakamaliza kula na kunawa, nikaaga, nikarudi kwangu.