Mashine ya Upepo Jikoni kwa Dada Bernadina

Kwa Patrisi, juu ya mnada,
Karatu.
18 Mei 2025.

Mpendwa mpwa wangu Scholastika,

Pokea salamu kutoka kwenye baridi ya huku, ambayo nyie watu wa Mtwara mmeshaisahau. Natumaini u mzima, mumeo Edson ni mzima, na wanafunzi wako bado wanakuogopa inavyostahili. Mimi sijambo. Goti la kulia linasemasema asubuhi, likishapata chai linanyamaza. Ukungu wiki hii umeshuka mpaka barabarani, na ni mzito: juzi niliegemeza baiskeli yangu kwenye ukungu, nikaingia dukani, nikarudi nikaikuta bado imesimama.

Nakuandikia barua kwa sababu kwenye simu huwa unaniambia, "Mjomba, fupisha." Karatasi haina tabia hiyo. Dereva mmoja wa watalii ataifikisha Arusha na kuitia kwenye basi.

Nianze na mama yako, maana najua ndiye unayemtafuta kwenye mistari hii. Kidonda cha mguu kimepona, limebaki baka. Jicho la kushoto bado lina wingu. La kulia linaona mtu lakini halisomi. Mkono wa kushoto haujarudisha nguvu tangu apate kile kiharusi, ila sasa unashika kikombe kisichojaa. Kanisani anakwenda kwa miguu yake.

Sasa neno lenyewe. Mwezi wa tatu, lile karai la maandazi lilipommwagikia mguuni, ulisema mambo mawili. La kwanza, asiguse tena kuni wala mafuta ya kukaangia, na gesi iwe ya kuchemshia tu. La pili, nimchagulie ile mashine inayokaanga kwa upepo wa moto, eafraya, nimwangalie mpaka mwisho wa mwezi wa tano, kisha nikuandikie kama anaweza kujipikia peke yake. Akishindwa, likizo ya Juni unakuja kumchukua akaishi kwako, na nyumba tunaifunga. Ukaongeza kwamba unataka kweli tupu, na kwamba kweli tupu maana yake ni kweli tupu, mjomba. Nilisikia. Sikukasirika.

Ulifanya vizuri kunituma mimi. Karatu nzima hakuna anayejua kukaanga kunizidi. Nilipokuwa jikoni kwenye ile loji ya ukingoni mwa kreta, nilikaanga chipsi za wageni mia mbili kwa karai moja, na nyati akaja kusimama mlangoni kwa ile harufu. Wenzangu walikimbia. Mimi nilimtupia kiazi kimoja kilichopoa. Akatafuna, akaliangalia karai, akaondoka taratibu kama mtu aliyeambiwa arudi kesho. Kwa hiyo kwenye vyombo vya jikoni sihitaji kufundishwa.

Dukani nilimkuta binti mmoja wa Singida, Vumilia, mwenye maneno machache. Kabla hajanionyesha chochote aliniuliza atakayetumia ni nani, macho yake yakoje na mikono yake ikoje. Nikamwambia dada yangu ni mtu mzima mwenye akili zake, yeye aonyeshe mashine. Akatoa mbili. Moja ilikuwa ndogo ya duara, ina swichi mbili za kuzungusha, ya juu ya moto na ya chini ya dakika, na droo ya mpini mmoja. Ilifanana na redio ya marehemu babu yako. Ya pili ilikuwa kubwa, nyeusi, droo mbili, haina swichi hata moja. Uso wake ni kioo kitupu. Ukikigusa zinawaka namba na picha za samaki na kuku. Vumilia akafumba macho, akazungusha swichi za ile ndogo, akasema, "Hii hata gizani unapika, mjomba."

Nikamjibu kwamba dada yangu ana umeme.

Nikachukua ya kioo. Mtu kama mimi hapiti mjini amekumbatia redio ya babu. Nilimwambia wa bodaboda apite sokoni, njia ndefu kidogo, polepole. Watu watatu waliniuliza kama nafungua hoteli. Sikukataa.

Jambo ambalo sikulifikiria, na hata aliyeitengeneza hakulifikiria, ni vidole. Mama yako amelima mahindi na maharage miaka arobaini, na makaa alikuwa akiyageuza kwa mkono. Ncha za vidole vyake zimekuwa ngumu kama kisigino. Alikigusa kile kioo, hakikuwaka. Akabonyeza. Akakigongagonga kama anayebisha hodi. Kimya. Nikagusa mimi, kikawaka, kwa sababu mkono wangu umeshika mwiko zaidi kuliko jembe. Tulihangaika siku nne. Aliosha mikono, akapaka losheni, akajaribu kidole kidogo. Hata kilipowaka, namba hakuziona. Siku moja kiliwaka kwa pua yake, alipoinama kusikiliza kama kuna kitu ndani. Nilicheka. Yeye hakucheka.

Jioni ya siku ya nne nilimkuta anakunja vitenge na kuvipanga kwenye begi. Nikauliza anakwenda wapi. Akasema, "Mtwara kuna joto. Nachagua vyepesi." Unamjua, si mtu wa kulia. Alikuwa anakunja kwa mkono mmoja, na kila kitenge alikikunja mara mbili, kwa kuwa mara ya kwanza hakikunyooka.

Asubuhi niliifungasha ile ya kioo nikairudisha. Pale dukani wameandika ukutani kwamba bidhaa ikishatoka hairudi. Nilikuwa nimeandaa maneno njia nzima, hata yule nyati nilikuwa nimemweka tayari, lakini Vumilia hakuyangoja. Aliliangalia boksi, akainama chini ya meza, akatoa ile ndogo ikiwa imeshafungwa kamba. Akasema, "Nilikuwekea tangu siku ile." Nikamwambia nilikuwa namjaribu nione kama anaijua kazi yake. Akasema asante.

Nikueleze hiyo ndogo, maana wewe ni mwalimu. Swichi ya moto ina meno ndani, na kila hatua inalia tak. Dada anahesabu: tak nne viazi, tano samaki, sita kuku. Kwenye ile ya dakika aliniambia nibandike punje ya mahindi kwa gundi pale penye ishirini, basi anapapasa mpaka aikute. Muda ukiisha inapiga kengele. Droo anaivuta kwa mkono wa kulia peke yake. Kasoro zake nazitaja pia. Kuku mzima haingii, lazima akatwe. Umeme ukikatika mashine haipiki. Ulikatika siku mbili, akala makande ya jana. Na jogoo wa kienyeji hatiwi mbichi. Wa kwanza nilimtia mimi, akatoka na rangi nzuri sana na ugumu wa tairi. Mama yako alisema hata mtoto anajua kwamba jogoo huchemshwa kwanza. Sasa anamchemsha kwenye gesi, sufuria imefunikwa, kama ulivyoruhusu.

Rafiki yangu Moloimet wa Malambo alipita na mbavu za mbuzi, akazitoa zijaribiwe. Alikaa mbele ya mashine akitafuta moto uko wapi. Akasema nyama ambayo haijaona moto haijui kama imeshakufa. Kisha alizimaliza, na mifupa akaivunja.

Jana, Jumamosi, ndiyo niliifanya siku ya kipimo. Au niseme dada ndiye aliyeifanya, maana alinitoa jikoni. Aliniambia nikae kwenye benchi nje, niligeuzie jiko mgongo, na nisiulize kitu. Nikakaa. Nilisikia kisu, polepole. Nikasikia droo. Tak, moja mpaka sita. Halafu mashine ikavuma muda mrefu, na mimi mgongo wangu ulianza kuwasha kwa kutaka kugeuka. Jirani Brigita akapita, akaniuliza kwa sauti ya chini kama dada ameshapelekwa Mtwara, kwa kuwa siku hizi paa la jiko halitoi moshi. Kabla sijamjibu, kengele ikalia huko ndani. Brigita akasimama palepale kama ng'ombe aliyeona tochi.

Hapa nikukumbushe kitu. Tangu baba yako afariki, kuku akichinjwa hapo nyumbani, firigisi ni yangu. Ni miaka tisa sasa. Dada huiweka juu kabisa ya sahani, hanipi kwa maneno, naikuta tu. Hata jogoo yule wa tairi, firigisi niliikuta.

Mama yako akatoka amebeba sahani kwa mkono wa kulia, ameikingia kwa ule wa kushoto. Kuku alikuwa wa rangi ya asali, viazi havikuungua, kachumbari ya vitunguu vya kule Baray pembeni. Hakuna nilichomsaidia, hata kumenya kiazi. Nikapokea. Nikatazama juu ya kuku. Nikainua paja. Nikafunua viazi. Nikamuuliza.

Akakaa kwenye benchi, akajifuta mdomo kwa upande wa khanga, akasema, "Firigisi ni ya mwenye nyumba, Patrisi. Nimeshaila."

Scholastika, nimekusimulia mengi tangu ukiwa mdogo, na najua mengine uliyapima ukayakuta mepesi. Hili lipime unavyotaka. Katika habari zangu zote, tangu ya nyati mpaka ya baiskeli, umewahi kusikia hata moja ambayo mimi nimekosa firigisi?

Anaweza. Vitenge amevirudisha kabatini mwenyewe. Juni usije na begi tupu la kumbebea. Njoo kama mgeni, ulete korosho. Anasema ataanza nazo kwa tak mbili, aone.

Nisalimie Edson na watoto wote. Brigita anakusalimu, na Moloimet anauliza kama Mtwara kuna mbuzi. Mama yako anasema hana salamu za kuandikiwa na mtu, atakusalimia mwenyewe ukifika mezani kwake. Mungu aliyetulinda na mafuta ya moto akulinde na wewe huko, njiani na nyumbani.

Ni mimi mjomba wako nikupendaye, niliyekula mapaja yote mawili na bado nikaona nimepunjwa,

Patrisi