Kazi Niliyoivaa

Mdogo wangu mpenzi,

Mungu ni mwema, sote wazima. Juzi nilimsindikiza binti yangu kuomba nafasi chuo cha ushonaji. Karani, mama wa makamo kama mimi, akatueleza: wenye vyeti vya shule huomba mtandaoni; wenye uzoefu huja wenyewe kuonyesha kazi zao.

Binti akanikanyaga mguu. "Mama, si wewe huyo?"

Unajua nilivyoililia shule. Nikasogea mezani.

"Kazi yako iko wapi?" karani akauliza.

"Nimeivaa."

Akanizungusha, akakagua pindo na mishono ya ndani. Leo majibu yametoka: tumechukuliwa sote wawili! Shemeji yako sijamwambia bado, niombee. Binti ana sharti moja: darasani nisimwite "kitoto changu".

Dada yako,
mwanafunzi