Maganda Manene

Wayllapata, 9 Juni 1996

Kwa Nelida, mke wa mwanangu,

Hujambo? Mwanangu Rufino hajambo? Mimi mzima, ila goti la kushoto linatangaza baridi kabla ya redio. Utashangaa kuona mwandiko wangu. Miaka minne hatujaandikiana, na sababu unaijua wewe na ninaijua mimi.

Nakuandikia kwa ajili ya Mliza-Mkwe. Ndiyo, kiazi kilekile chenye vinundu nilichokupa umenye siku ya harusi, kama nilivyopewa mimi na mama mkwe wangu. Ulikimenya kikabaki kama punje ya hindi, nikasema mbele ya watu kwamba nyumba ya mwanangu italala njaa. Nilisema. Leo siyo hayo.

Kinakufa. Kila mavuno vinazidi kuwa vidogo, na majani yanajikunja. Mwaka huu mvua ya mawe imepiga shamba, kisha nguruwe wa jirani akaingia ghalani. Vimebaki tisa, vilivyokuwa vimebingirika chini ya kitanda changu. Nimeuliza vijiji vitatu, hakuna mwenye navyo tena. Nasikia kazi yako huko Lima ni viazi. Mbegu hii hupokewa na mke wa mwana. Ikifia mikononi mwangu nitakuwa mimi niliyeikata njia.

Mama mkwe wako,
Eusebia

Lima, 30 Juni 1996

Mama mkwe, shikamoo,

Pole na goti. Sisi wazima. Barua yako niliisoma jikoni nimesimama, ugali wa kwinoa ukaungua. Rufino sijamwambia bado. Nataka kwanza tuone kama sisi wawili tunaweza kuzungumza.

Huo ni ugonjwa wa kirusi. Kinabebwa na vidukari, wale wadudu wadogo wanaofyonza majani, na siku hizi joto limepanda mlimani, nao wamepanda nalo. Ukipanda kiazi, mama, hupandi mtoto wa kile cha mwaka jana, unapanda kilekile chenyewe. Mliza-Mkwe wote ni mmoja aliyenakiliwa mara nyingi, kwa hiyo kinachomuua mmoja kinawaua wote. Shamba lako kubwa lina aina arobaini pamoja. Jalidi ya usiku ikigandisha hizi, zile zinasimama, na mwaka mwingine mambo yanageuka. Hakuna iliyozaliwa bora. Hali ya mwaka ndiyo inayochagua, na kasoro ya mwaka wa mvua inaweza kuwa nusura ya mwaka wa ukame.

Ila vikishafika tisa, bahati ndiyo inayotawala. Vyako havikuwa na nguvu kuliko wenzao. Vilibingirika tu.

Maabarani tunaweza kukata ncha ya chipukizi, ndogo kuliko kichwa cha sindano, mahali kirusi hakijafika, tukaikuza. Nitumie vyote tisa.

Mkwe wako,
Nelida

Wayllapata, 14 Julai 1996

Nelida,

Salamu, wewe mwenye jiko linaloungua. Goti ni lilelile.

Umesoma miaka sita ili uje kuniambia tunachanganya mbegu kwa sababu ya jalidi? Hata mbwa wangu anajua. Lakini hilo la kubingirika limenikaa kichwani. Tulizaliwa saba, nimebaki mimi, na watu husema nilikuwa mtoto imara. Sikuwa imara. Nilikuwa kwa shangazi wiki ile surua ilipopita nyumbani kwetu.

Natuma tisa. Mkono ulitaka kubakiza viwili, lakini umesema vyote. Nimevishonea gunia dogo na kumkabidhi dereva wa basi la Jumanne. Nakuamini, na kukuamini si jambo jepesi kwangu.

Mama mkwe wako,
Eusebia

Lima, 4 Agosti 1996

Mama mkwe,

Sijui nikusalimie vipi. Tumevila.

Basi lilifika mapema, nami nilikuwa kazini. Rufino alipokea gunia, akaona mshono wako, akafanya anachofanya kila mtu wa kwetu akipata mzigo wa nyumbani: aliwaita jamaa wa Wayllapata waliopo mtaani, akabandika sufuria. Niliporudi walikuwa wanalamba bakuli za supu. "Mama katukumbuka!" akaniambia, machozi yanamlenga. Nikamuuliza umevimenya vyote? "Vyote, mke wangu. Nimevimenya mwenyewe, ili usikikamate tena kisu kile. Nilijifunza kwako, nimekata maganda manene kama mbao." Jamaa wakacheka. Mimi nilikaa sakafuni.

Kosa ni langu. Ningemwambia tangu mwanzo, yasingetokea.

Maganda alikuwa amewapa simbilisi, hawa kama sungura wadogo tunaowafuga darini. Nimepanda mbio, nimewanyang'anya vipande vinne vyenye jicho zima. Nimevifukia kwenye makopo ya maziwa. Siwezi kukuahidi kitu. Nisamehe.

Nelida

Lima, 21 Septemba 1997

Mama mkwe, shikamoo,

Hii ni barua ya nne tangu ile ya supu, na hujajibu hata moja. Sikulaumu. Rufino ananiambia u mzima, nami nashukuru kwa hilo.

Maganda mawili yalioza, mawili yakachipua. Tulikata ncha, tukazikuza kwenye chupa, tukazipima mara tatu. Ni safi. Rufino anakuletea mwenyewe viazi thelathini, havitatoka mikononi mwake njia nzima. Utaona vingine vina macho mekundu, ambayo Mliza-Mkwe hakuwa nayo. Ni kosa dogo la kunakili lililotokea lenyewe. Nyingi za aina zako arobaini zilianza hivyo, kwa kosa moja ambalo mtu hakulitupa. Uamuzi ni wako.

Nelida

Wayllapata, 31 Mei 1998

Nelida, binti yangu,

U mzima? Mimi mzima. Goti limechoka kulalamika.

Nilikasirika mwaka mzima, na hasira ilipoisha nikaona aibu kuandika. Halafu nikasema ngoja nivune kwanza, nisije nikashukuru hewa. Nimevuna magunia mawili. Hata jani moja halikujikunja. Vyenye macho mekundu nimeviweka pembeni, navyo nitavipanda.

Nimefikiri sana. Mimi namenya ganda jembamba hadi unaona mkono upande wa pili. Ungekuwa mkwe niliyemtaka, Rufino angejifunza kumenya hivyo, simbilisi wangekula karatasi tupu, na leo nisingekuwa na mbegu. Jumapili niliwaita walewale waliokuwepo harusini. Nikawaambia nilikosea, na mbegu ya nyumba hii sasa ni ya Nelida. Mke wa jirani alitaka kucheka, nikamtazama, akaacha.

Njoo mwezi wa kumi, tupande pamoja. Nimekuwekea sita vyenye vinundu vibaya kuliko vyote. Menya unavyomenya wewe. Maganda nitayafukia mimi.

Mama yako,
Eusebia